Mama Filta na Faili la Pili

Kama ulitaka kuianza siku yako kwa kutukanwa, ulikuwa unakwenda dirisha la tatu la ofisi ya makaburi na bustani, ghorofa ya chini, jirani na choo kisichofungika mlango. Hapo ndipo alipokaa Mama Filta. Dirisha lina nondo, nyuma ya nondo kuna pazia la kahawia, na nyuma ya pazia kuna mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miwani imeshikiliwa kwa uzi, macho yameshakuhukumu kabla hujafungua mdomo. Salamu aliitikia kwa nyusi. Ukimwuliza jambo mara mbili alikujibu mara moja, tena kwa sauti ya kumtosha hata aliyekuwa nje kwenye geti.

Mimi sina huruma naye, nakwambia mapema. Lakini kazi yake aliijua, hilo hata adui zake walikubali, na adui hakuwa na uhaba nao.

Jina la Mama Filta alipewa na wenzake, kwa kumkomoa, naye akalivaa kama cheo. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na ramani ya makaburi yote ya mji, kila kaburi ni kiboksi kidogo. Ukikibofya kiboksi kinakufungulia mstari wake: namba, jina la marehemu, mwaka, ndugu msimamizi, simu ya msimamizi. Mistari yote ikikaa pamoja ndiyo jedwali, na jedwali unaliuliza. Nipe waliozikwa zamani. Nipe wasio na simu ya ndugu. Nipe walio karibu na ukuta. Linachuja, linakuachia uliowataka, waliobaki linawaficha. Hawajafutika, wamefichwa tu, na hiyo ndiyo filta. Ubaya wake, ukisahau kuiondoa kisha ukatoa faili la kumpelekea mtu, linatoka na wale wanaoonekana peke yao, na wala hakuna kengele inayolia. Faili linatoka safi, limenyooka, na watu wengine hawamo.

Mwenzake mmoja aliwahi kufanya kosa hilo kwenye orodha ya miti ya bustani, na miti iliyotakiwa kuachwa ikakatwa. Wiki nzima Mama Filta alimpa vidonge vyake, asubuhi dozi, jioni dozi, mpaka yule bwana akaomba uhamisho. Tangu hapo kila aliyeleta faili mbele yake aliulizwa: "Filta umetoa? Chini umeangalia?" Chini, maana chini ya jedwali kompyuta huandika ni mistari mingapi inayoonekana kati ya yote iliyopo. Hiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza. Ya pili ilikuwa fupi zaidi: data haiguswi. Alichoandikisha mtu mwenyewe kwa kitambulisho chake kinabaki kama kilivyo, hata ulie damu pale dirishani. Wajane walilia pale. Haikusaidia.

Sasa huyu mama alikuwa na kaka yake, mkubwa kwake kwa miaka minne, na hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Mama yao alipougua, kila mmoja aliona yeye ndiye aliyemuuguza na mwenzake alikuja kula tu. Mama alipofariki waligombana hospitali, wakagombana nyumbani, na walipofika makaburini hawakuwa wamechoka. Kaka mtu alimwambia mbele ya waombolezaji wote, udongo bado mbichi: "Siku moja nitamhamisha Mama nimpeleke shamba kwangu, apumzike kutokana na huo mdomo wako."

Tena kulikuwa na jambo lililomuuma Mama Filta kuliko maneno hayo. Siku ya mazishi, yeye akiwa hospitali anakusanya nguo za marehemu, kaka yake alipita ofisini, dirisha la tatu hilohilo ambalo siku hiyo lilishikwa na mwingine, akaandikisha kaburi. Ndugu msimamizi: kaka. Simu: ya kaka. Basi. Mama Filta alirudi kazini, akabofya kiboksi cha mama yake mzazi, na jina lake halimo. Ofisi yake mwenyewe! Kompyuta yake mwenyewe!

Na ofisi ile ilikuwa na kanuni: msimamizi ndiye anayeamua marehemu alale wapi. Ndugu wa pili anaweza kuongezwa, ila lazima wa kwanza aje mwenyewe aandikishe. Wakishakuwa wawili, kaburi haliguswi bila wote kutia sahihi. Mume wake, mtu mpole asiyependa makelele, alimwambia, "Mpigie kaka yako aje akuongeze, yaishe."

"Nimwombe yeye?" Mama Filta akasema. "Bora nimeze wembe."

Miaka ikapita wakiwa hivyo hivyo, kila mtu kavimba upande wake. Kisha mwaka jana, siku moja asubuhi, kaka mtu akatokea dirishani. Kashika bahasha ya kaki, kofia mkononi.

"Dada," alianza, "nina shida moja..."

"Foleni iko nyuma."

Akaenda nyuma. Mzee mzima, akapanga foleni na waliokuja kulalamikia matawi ya miti. Alipobakiwa na mtu mmoja mbele yake, Mama Filta akatazama saa ya ukutani, akavuta pazia, akatundika kile kibao cha TUMEFUNGA ambacho kawaida hutundikwa jioni. Akajimiminia chai na kuinywa polepole, huku akimsikia kaka yake anakohoa upande wa pili wa pazia. Alipolifungua tena, kaka alikuwa ameshaondoka. Kisa hicho alikisimulia ofisini mwezi mzima, na kikohozi akikiigiza, na watu walicheka kwa sababu ukikataa kucheka zamu yako inafuata.

Mwaka huu ndipo ikaja habari ya barabara. Barabara kubwa ilikuwa inapanuliwa na ingekula ukanda mmoja wa makaburi ya zamani. Mhandisi, mkuu wao, kijana wa suruali za kubana ambaye Mama Filta alimwita "mtoto wa watu" usoni pake, alitaka mafaili mawili. Faili la kwanza ni la dawati la simu: makaburi yote ya ukanda yenye simu za wasimamizi, ili wapigiwe waje wachukue watu wao. La pili ni la Nyapara, msimamizi wa wachimbaji: makaburi yote ya ukanda, yenye simu na yasiyo na simu. Nyapara angepita na ndoo ya rangi nyeupe kupaka kila lililo kwenye faili. Lililopakwa linachimbwa. Lisilopakwa maana yake lilishahamishwa zamani, liko tupu, na greda lingepita juu yake. Marehemu ambaye ndugu zake hawakutokea angehamishwa na ofisi kwenda makaburi mapya, pale mlimani, mwendo wa miguu kutoka nyumbani kwa Mama Filta.

Aliuliza jedwali, na kiboksi cha mama yake kikawaka pamoja na vingine.

Alikaa akakitazama. Wakimpigia kaka, Mama anakwenda shamba, huko yeye asikoweza kukanyaga, kwenye ua wa mtu ambaye hatamfungulia geti. Wasipompigia, Mama anakwenda mlimani, na kila Jumapili yeye mwenyewe atakuwa anapanda kumfagilia. Ilikuwa namba moja tu ya simu. Angeweza kuifuta kwa kidole kimoja. Lakini data haiguswi, na hapo namsifu kidogo, hakuigusa.

Alifanya ujanja wa kishetani zaidi. Filta haigusi kitu, si ndiyo? Inaficha tu. Basi kwenye lile swali lake la ukanda akaongeza maneno machache: isipokuwa kaburi namba fulani. Akabonyeza. Kiboksi cha Mama kikapotea kwenye ramani, mstari wake ukapotea kwenye jedwali. Akatoa faili la kwanza, akalituma dawati la simu.

"Sijagusa kitu," akajiambia kwa sauti, na ni kweli hakuwa amegusa.

Kilichobaki kilikuwa rahisi mno. Aondoe filta, Mama arudi, atoe faili la pili la Nyapara likiwa kamili. Mkono ulikuwa tayari kwenye kipanya. Ndipo mlango ukafunguka na Mhandisi akaingia bila kubisha.

"Mama Filta, faili la Nyapara liko wapi? Watu wanasubiri tangu asubuhi."

"Wewe kwenu hawabishi hodi?"

"Nimeuliza faili."

"Nami nimeuliza hodi. Shule zote hizo walizokupeleka hawakukufundisha mlango?"

Mhandisi akakaza uso. "Unajua kinachokuponza? Unafikiri ofisi hii ni ya mama yako."

Angesema neno lingine lolote. Kumtaja mama, siku ile, saa ile! Mori ulimpanda Mama Filta mpaka uzi wa miwani ukatikisika. Alimtolea uvivu kijana wa watu kuanzia suruali yake mpaka ukoo wake, wahudumu wakajaa mlangoni kusikiliza, na katikati ya maneno, huku akimtazama yeye wala hatazami kioo, akabonyeza kutoa faili, akabonyeza kutuma. "Hilo hapo! Chukua! Na ukitoka ufunge mlango!"

Filta hakuitoa. Chini hakuangalia. Alikwenda nyumbani ameridhika kabisa na vile alivyomshushua mtu.

Siku ya kuchimba aliomba ruhusa. Alivaa viatu vya kutembelea udongo, akabeba chupa ya maji na kanga mpya ya kumtandikia mama yake kwenye sanduku. Alipofika alikuta ukanda mzima una rangi nyeupe, huku na huku watu wamejikusanya kwenye mashimo yao, wengine wanalia, wengine wanapiga simu. Greda lilikuwa limeshaanza upande wa ukutani, linanguruma, linasogea. Akatembea moja kwa moja mpaka kwa mama yake, maana njia hiyo angeipita akiwa usingizini.

Kushoto rangi, kulia rangi. Kwa Mama, hakuna rangi. Jiwe tupu, na majani aliyoyang'oa wiki iliyopita yameanza kuota tena.

Kwanza alidhani Nyapara amelisahau, na akafurahi, maana alikuwa anamtafutia sababu. Alimwendea na kidole juu.

"Wewe! Umeruka kaburi! Macho unayo ya kazi gani?"

Nyapara, mtu mnene asiye na haraka, akatoa simu yake, akafungua faili, akatembeza kidole taratibu. "Halimo."

"Limo."

"Mama, soma mwenyewe. Hii hapa, hii inayofuata. Katikati hakuna."

Akasoma. Na hapo akaiona akilini, ile filta yake imekaa pale, na yeye yuko anamtukana mtu suruali. Alijikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, na moto aliuwasha yeye.

"Lichimbe tu," akasema, sauti imeshuka. "Mimi ndiye niliyetoa faili. Ni kosa dogo. Lichimbe."

"Siwezi."

"Nakwambia mimi!"

"Nawe uliniambia mwaka jana," Nyapara akasema, na usoni alikuwa na utamu wa mtu aliyesubiri sana. "Nilipochimba mtaro nikatoka nje ya faili kidogo tu. Ulinisimamisha mbele ya vibarua wangu ukaniambia, kama halimo kwenye faili, halimo duniani. Nimelishika hilo. Vibarua wamelishika pia."

Vibarua wakaangua kicheko. Mama Filta akampigia Mhandisi. Mhandisi alipokea haraka, kwa adabu iliyopitiliza.

"Hakuna tatizo, Mama. Rudi ofisini, toa faili sahihi, niandikie na maelezo kwa nini lile ulilotuma halikuwa sahihi. Nikisaini, Nyapara atachimba."

"Greda liko hapa! Mpaka niende nirudi..."

"Basi wahi," akasema, akakata.

Nyapara akajikuna shingo. Labda hata yeye alianza kuona haya, sijui. "Ninachoweza ni kimoja," akasema. "Aje msimamizi aliyeandikwa, asimame hapa na kitambulisho. Huyo akisema chimba, nachimba, faili au si faili. Greda nitalipeleka kule kwenye mti kwanza. Lakini si kwa muda mrefu."

Namba ya kaka yake alikuwa ameshaifuta kwenye simu siku nyingi. Hakuhitaji kuitafuta. Miaka yote hiyo alikuwa anaufungua ule mstari na kuitazama kwa chuki, namba yote imemkaa kichwani. Akaibonyeza.

"Nani?" kaka akauliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Usinitese. Njoo makaburini. Njoo na kitambulisho. Greda litapita juu ya Mama."

Hakuuliza zaidi. Alifika amepakiwa kwenye pikipiki, na aliposhuka Mama Filta karibu asimtambue. Alikuwa amekonda, mkanda umemzunguka kiuno karibu mara mbili, anatembea ameshika ubavu. Alimpita dada yake bila salamu, akamwonyesha Nyapara kitambulisho, akasema, "Chimba." Vibarua wakashika majembe.

Walisimama pande mbili za shimo. Mama Filta alivumilia kadiri alivyoweza, nayo haikuwa sana.

"Utampeleka wapi?"

"Shamba. Nilishasema."

"Huwezi kumpeleka huko peke yako! Ni mama yangu na mimi! Mimi nimekuja hapa kila Jumapili, wewe jiwe hili umeligusa lini? Ukajiandikisha peke yako kama mwizi!"

"Nilijiandikisha peke yangu, ndiyo," kaka akasema. "Nilikuwa na hasira na wewe, na sikosi usingizi kwa hilo. Lakini mwaka jana nilikuja dirishani kwako."

"Ulikuja kufanya nini?"

"Kukuandikisha." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyomchoma. "Nilikuwa nakwenda kupasuliwa tumbo. Daktari aliniambia jiandae kwa lolote. Nikasema nikifa, Mama asibaki bila mtu. Fomu ilikuwa kwenye bahasha, nimeshaijaza, jina lako nimeliandika kwa herufi kubwa. Ungeipokea, leo nisingemtoa Mama hapa bila sahihi yako. Ungenikatalia, na ningerudi nyumbani mikono mitupu." Akakohoa, kikohozi kilekile. "Ulinifungia pazia. Nimeambiwa mnachekea sana jambo hilo huko ofisini kwenu."

Mama Filta alifungua mdomo. Alitaka kusema kwamba hakujua, lakini hakujua kwa sababu hakutaka kujua, na hilo lilikuwa wazi kwake kama lilivyo wazi kwako wewe unayesoma. Alilia. Alilia kwa sauti, kama walivyolia wajane dirishani pake, na kaka yake hakusogea kumshika.

Mabaki yakatolewa, yakawekwa kwenye sanduku jipya. Aliomba aweke kanga yake. Kaka akaitazama kanga, akatazama pembeni, na kwa kuwa hakusema hapana, dada mtu akaiweka.

Nyapara akatoa simu yake ajaze taarifa. "Kaburi limehamishwa. Linakwenda: shamba la familia. Ndugu waliohudhuria..." Akainua kichwa, akawatazama wote wawili. "Niandike wangapi?"

"Mmoja," kaka akasema.

"Na huyu mama?"

"Huyo ni mtumishi wa ofisi."

Gari la kubeba masanduku likaondoka, kaka kakaa mbele na dereva. Greda likarudi kutoka kwenye mti.

Kesho yake Mama Filta aliwahi kazini kuliko wote. Taarifa za Nyapara zilikuwa zimeshaingia kwenye jedwali, na Mhandisi alitaka faili la mwisho la kupeleka juu. Hakuongea na mtu. Alifungua ule mstari. Linakwenda: shamba la familia. Ndugu waliohudhuria: mmoja. Kishale kikawa kinapepesa pembeni ya neno hilo, kinamsubiri. Kubadilisha mmoja kuwa wawili ni kazi ya sekunde. Nyapara asingekumbuka, Mhandisi asingeangalia, na ingekuwa kweli, kwa sababu alikuwapo, alisimama pale na udongo kwenye viatu.

Alikaa muda mrefu na kidole hewani. Nje watu walikuwa wameshaanza kupanga foleni, na kuna mzee mmoja alikuwa anagonga nondo polepole kwa ufunguo.

Akaondoa kidole. Akatoa filta. Akaangalia chini: mistari yote inaonekana, hakuna aliyefichwa. Akatoa faili kama lilivyo, akalituma, kisha akainuka kwenda kufungua pazia, amsikilize yule mzee.